Sekunde Kumi na Moja

Kakamega,
2 Machi 1998

Kwa ndugu yangu mpendwa Clifford,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nikitumaini huko Lowell theluji imepungua na kifua chako hakikusumbui tena. Sisi huku tupo. Mama magoti yanamuuma kama ilivyo kawaida yake jua linapokuwa kali, lakini bado anatembea mwenyewe mpaka kanisani. Watoto wangu wako shule. Baba ndiye sababu ya barua hii.

Tangu siku ile ya Februari alipoanguka kwenye karakana yake, mkono wa kulia haujarudi. Mguu unasogea kidogo. Mdomo umevutwa upande na maneno yanatoka yamepondeka, mpaka umzoee ndipo umwelewe. Daktari anasema ni kiharusi na tungoje. Basi tunangoja. Siku za kazi Mama yuko naye peke yake Shinyalu, na Ijumaa jioni mimi napanda kwenda kushika zamu yangu.

Haya yote nilikuandikia Ijumaa iliyopita kwa kompyuta ya ofisi. Unajua mpango wangu. Bwana Kipsang, mkubwa wetu hapa kwenye mradi wa msitu, ananiachia mashine nusu saa kila Jumatano na Ijumaa baada ya kazi, saa kumi na moja jioni, ambayo kwenu ni saa tatu asubuhi. Niliingia kwenye kile chumba cha Wakenya cha kuongea kwenye intaneti, nikaona jina lako la mle ndani, mwisukha, limo kwenye orodha. Nikafungua dirisha la pembeni, la sisi wawili tu. Nikaandika kwamba Baba anakuulizia. Niliandika mistari kumi hivi, pengine kumi na miwili. Hukujibu.

Kwanza nilidhani umeenda darasani ukaacha mashine wazi. Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kukuambia kwamba ninakijua. Kuna nesi mmoja wa Boston, Chepkoech, mzaliwa wa Chekalini, ambaye huwa naongea naye mle chumbani. Yeye alinifundisha amri moja. Ukiiandika pamoja na jina la mtu, seva inakuambia mtu huyo amekaa muda gani bila kuandika neno. Aliyeondoka kwenye kiti utamwona ana saa nzima, saa mbili. Nikaiandika na jina lako. Ikaniambia sekunde kumi na moja.

Nikaandika tena, "Clifford, uko?" Nikangoja, nikauliza seva. Sekunde nne.

Kwa hivyo ulikuwa umekaa hapo, vidole viko juu ya vitufe, unaandikia watu wengine, na maneno yangu kuhusu Baba yako mbele ya macho yako. Leo asubuhi nimefungua mashine nikakuta imeli yako, kwamba pole, ulikuwa mbali.

Nimeamua kutumia kalamu kwa sababu imeli za ofisi zinaingia sanduku moja na kila mtu anazisoma. Sikuandikii kwa hasira. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka hataki kudanganywa hata kwa kitu kidogo. Niambie ilikuwa nini.

Mama anakusalimia. Baba naye alitaka niandike kitu, lakini nilishindwa kukishika.

Ni mimi dada yako,
Muhonja


Lowell, Massachusetts,
21 Machi 1998

Mpendwa Dada,

Habari za siku nyingi, na poleni sana na ugonjwa. Barua yako imenifikia jana. Mimi ni mzima, kifua kimepona, theluji imegeuka tope na viatu vyangu havikauki. Nawaombea wote, hasa Mama na magoti yake.

Habari ya Baba imenivunja nguvu. Mwambie ninamfikiria.

Sasa kuhusu hiyo namba. Dada, hizi seva si za kuamini. Laini ikikatika kidogo, hesabu inaanza upya yenyewe bila mtu kugusa kitu. Siku hiyo nilikuwa maabara, tulikuwa na jaribio, na nilirudi kwenye mashine baadaye nikakuta umeshatoka. Ndiyo sababu nikakutumia imeli.

Na hata kama namba ingekuwa ya kweli, nina jambo la kusema. Nikiwa ndani ya chumba changu na mlango nimefunga, hakuna mtu anayesimama dirishani kuhesabu nimepumua mara ngapi. Mle kwenye chumba cha Wakenya tuko watu mia, na yeyote kati yao anaweza kuniangalia hivyo, nami sitajua kwamba nimeangaliwa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka sekunde zangu zianikwe. Wageni wakinifanyia hivyo sina neno, ni wageni. Sikutarajia kwamba atakuwa wewe.

Tena mtu anaweza kuwa kwenye kiti na bado asiweze kujibu. Hilo nalo lifikirie.

Nakuomba usiitumie tena kwangu. Masomo yanaenda vizuri. Mwambie Baba Desemba si mbali, nitamaliza.

Nisalimie watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Clifford


Kakamega,
9 Aprili 1998

Kwa Clifford ndugu yangu,

Natumaini uko salama, na kwamba viatu vimekauka. Kesho ni Ijumaa Kuu. Mvua imeanza, watu wa Shinyalu wote wako mashambani wanapanda, isipokuwa kwetu. Mama amepanda mistari minne ya maharagwe nyuma ya jikoni akachoka. Baba ni vilevile, ila ameanza kuchubuka mgongoni kwa kulala. Tunamgeuza, lakini ni mzito, na Mama hana nguvu za kumgeuza peke yake. Juzi walianguka wote wawili. Hakuna aliyeumia. Walikaa sakafuni mpaka jirani akapita.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Hayo ya dirisha yaliniingia. Mimi mwenyewe sipendi kuchungulia wala kuchunguliwa, nawe unanijua. Nilikuwa nimeamua nikubali kwamba seva ilikosea, niombe radhi, yaishe.

Lakini Clifford, ile amri haionyeshi muda peke yake. Inaonyesha pia mtu ameingia kwa mashine ya wapi. Mwaka jana, kila nilipoangalia, baada ya jina lako kulikuwa na jina la chuo chenu. Tangu Januari halipo. Kuna maneno mengine, nikamuuliza Chepkoech ni ya wapi. Aliniambia ni maktaba ya mji, ile ambayo mtu yeyote wa mtaani anaingia anajiandikisha na kupewa kompyuta nusu saa. Hakuniuliza kwa nini nataka kujua. Alisema tu, "Usimharakishe, dada. Huku watu wana mambo."

Sijamwambia mtu. Ila nataka ujue jinsi inavyokuwa. Jumamosi nilikaa na Baba nikimlisha uji. Siku hizi nikifika anauliza kitu kimoja tu, "Kurifodi?" Jina lako lote ni hilo analoweza. Ukimjibu kuhusu afya yako anatikisa kichwa, si hilo analouliza. Anainua mkono wa kushoto anaandika hewani, karatasi, yaani ile karatasi ya kumaliza chuo. Nikamwambia Desemba, Baba. Akatulia, akameza uji.

Unaona ulichonifanya. Nimemdanganya mgonjwa kwa ajili yako, na wewe mwenyewe hata hujaniambia kwamba tunadanganya.

Sitaki kukukaripia. Nataka tu kujua tuko wapi, ili nijue cha kumwambia.

Dada yako,
Muhonja


Kakamega,
3 Juni 1998

Ndugu yangu,

Sijui nikusalimie vipi, kwa kuwa sijui ulipo. Kama barua hii itakufikia, basi ikukute na uzima.

Ni wiki nane sasa tangu nikuandikie, na posta nimeenda mpaka yule mama wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Mle chumbani nako umepotea. Tangu baada ya Pasaka jina lako halimo kwenye orodha. Nikiiuliza seva inanijibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

Nakumbuka uliniomba nisiulize, nami naungama kwamba nimeuliza. Na acha niungame yote. Sikuanza Februari. Nilianza Oktoba mwaka jana, Chepkoech aliponifundisha. Kila nilipoingia, kabla hata ya kukuandikia habari yako, nilikuwa naangalia umekaa muda gani. Ukiwa na dakika mbili nasema vizuri, yuko. Ukiwa na saa nzima nasema ameenda darasani, anasoma, vizuri pia. Sikuwa nakupeleleza. Ilikuwa kama vile nilivyokuwa naingia kukuangalia ulipokuwa mtoto na malaria, nasimama tu mlangoni nione kama blanketi inapanda na kushuka. Lakini wewe ulikuwa mtoto wakati ule, na sasa ni mwanamume wa miaka ishirini na sita. Nilipaswa kukuambia ninaangalia. Sikukuambia. Nisamehe.

Sasa naona afadhali ile namba ingekuwepo, hata kama ni mbaya. Hata seva iniambie umekaa saa sita bila kugusa kitufe, nitajua kuna mtu ameketi mahali.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumatano, niliuliza chumba kizima kama kuna aliyemwona mwisukha. Mtu mmoja anayejiita mgeni7 alinijibu kwa upole kwamba hujaonekana siku nyingi. Nilimshukuru.

Baba amepigwa tena na kiharusi. Si kama mara ya kwanza, lakini sasa hata mguu umekataa. Nimeomba ofisini niwe natoka mapema, ninalala Shinyalu kila siku na kuteremka mjini asubuhi. Watoto wako kwa mama mkwe wangu Malava. Mgongo wa Baba una vidonda viwili. Wangu hauna kidonda, ila siwezi kuinama.

Andika mstari mmoja. Hata kama ni wa uongo.

Muhonja, dada yako


Lowell,
20 Juni 1998

Dada yangu,

Nimepata barua zako zote mbili. Ile ya Aprili nimekuwa nayo kwenye mfuko wa koti tangu mwezi wa nne. Sina salamu nzuri ya kuanzia. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini Baba bado yupo wakati unasoma hapa.

Nimeacha chuo. Mwaka jana nilianguka mitihani miwili, na ile nafasi ya kusomeshwa ilikuwa na masharti, wakaiondoa. Mwezi wa kwanza nikatoka bwenini. Nilifikiri nitafanya kazi miezi michache, nirudi, nimalize, na hakuna atakayejua. Watu wale wote wa kanisa waliosimama siku ya kuniaga, na Baba na suti yake, ningewaambia nini? Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Ninawaosha, ninawavalisha, ninawageuza. Wanaume, wengi wao hawawezi kusimama. Hiyo ndiyo kazi ambayo ndugu yako ameijia Marekani.

Umeniuliza ilikuwa nini siku ile ya Ijumaa. Seva haikukosea. Nilikuwa maktaba, kwenye kompyuta ya tatu kutoka mlangoni. Mle chumbani tulikuwa tunabishana kuhusu murere, ile mboga yetu ya mrenda. Kuna jamaa wa Texas alikuwa anasema unapikwa kwa magadi, nami nasema ni munyu, ule wa majivu, na bila munyu si murere. Tulikuwa tunacheka. Watu wale hawanijui, Dada. Hawaulizi ninamaliza lini. Kisha dirisha lako likafunguka, ukaanza kuandika kwamba Baba ameanguka na ananiulizia. Nilisoma kila mstari. Nilitaka kukujibu, na kila jibu nililolifikiria lilikuwa linataka lingine nyuma yake, mpaka lifike chuoni. Nikarudi kwenye murere. Nimejaribu kukumbuka ni neno gani nililoandika sekunde kumi na moja kabla hujauliza. Nafikiri ni "munyu".

Kuna lingine baya zaidi, na nisipoliandika leo sitaliandika.

Yule mgeni7 ni mimi.

Nilibadilisha jina baada ya barua yako ya Aprili. Nilijua hutaweza kuuliza kuhusu jina usilolijua. Kila Jumatano na Ijumaa, siku ambazo zamu yangu inaanza mchana, nilikuwa mle ndani, nakuona ukiingia. Ulipouliza kama kuna aliyemwona mwisukha, chumba chote kilinyamaza, nikaona vibaya usipate jibu. Nikakuambia hajaonekana. Ukasema asante, Mungu akubariki.

Na mimi niliyekuandikia habari za dirisha na mlango, siku hiyo niliandika ile amri na jina lako. Ulikuwa umesema hayo tu, kisha dakika ishirini na sita hukuandika neno. Seva haisemi mtu anafanya nini kwenye kimya chake, lakini nilijua. Ulikuwa umeweka mikono mapajani unaangalia orodha ya majina. Niliuliza tena na tena, namba inapanda, mpaka nusu saa yako ikaisha, ukatoka. Nikaenda kazini. Siku hiyo nilimwogesha mzee mmoja mara mbili kwa kusahau.

Sikuombi unisamehe. Mwambie Baba unavyoona inafaa. Nimechoka kukuchagulia cha kusema.

Mdogo wako,
Clifford


Shinyalu,
26 Julai 1998

Clifford,

Tumepata barua yako, na Baba bado yupo. Mama yupo. Mimi nipo.

Ilikaa kwangu siku tatu kabla sijaisoma mara ya pili. Nataka nikuambie ukweli, hayo ya chuo hayakuniuma kama nilivyoogopa. Mtu huanguka mtihani. Lililoniuma ni ule mstari mmoja, hajaonekana. Nilikuombea baraka kwa ajili yake. Niliporudi nyumbani jioni hiyo nilimwambia Mama kuna kijana mwema mle ndani, ametujibu. Mama akasema huyo ana wazazi waliomlea.

Nilikasirika kwa muda wa wiki moja hivi. Nilikuwa naosha mashuka nikikutukana kwa lugha yetu, Mama ananiangalia. Halafu hasira ikaniishia, si kwa sababu nimekuwa mtu mwema, ni kwa sababu mashuka ni mengi.

Jumapili iliyopita, Mama akiwa kanisani, nilivuta kigoda nikakaa karibu na kitanda. Nikamwambia Baba, nina barua ya Clifford, na si ile unayoitaka. Akanitazama. Nikamsomea yote kwa Kiisukha, polepole, chuo, mitihani, nyumba ya wazee. Hayo ya mgeni7 niliyaruka, hayo ni yetu wawili.

Nilipomaliza alifunga macho, machozi yakatoka upande mmoja, ule ambao bado una nguvu. Nikafikiri nimemuua. Nikaanza kusema kwamba bado wewe ni kijana, kwamba chuo hakikimbii. Akainua mkono wa kushoto ninyamaze. Alihangaika na mdomo wake muda mrefu. Nilimfuta mara mbili. Mwishowe akasema, na nilimsikia vizuri kabisa:

"Anawaosha vizuri?"

Nikamwambia sijui, Baba. Akasema niulize. Kwa hiyo nakuuliza.

Mama alipotoka kanisani nilimwambia na yeye. Alikaa kwenye kizingiti na Biblia yake, akauliza kama hao wazee unaowashika ni wazungu. Nikasema nadhani wengi ni wazungu. Akauliza kama hawana watoto. Kisha akaingia jikoni kusonga obusuma, ugali wa mchana. Mpaka leo hajalizungumza tena, ila nimemsikia akimwambia jirani kwamba mwanawe anafanya kazi ya hospitali. Mwache.

Sijaingia kwenye chumba cha Wakenya tangu barua yako ije. Bwana Kipsang bado ananiruhusu, lakini jioni napanda huku moja kwa moja. Kati ya mstari wa juu na huu nimeenda kumgeuza Baba, nimerudi. Nimechukua muda mrefu kuliko unavyofikiri. Vidonda havifungi. Nikimshika anakaza mwili wote, analia kama mtoto, na mimi namvuta tu kwa sababu sijui njia nyingine.

Ukiweza kujibu upesi, jibu.

Dada yako,
Muhonja


Lowell,
16 Agosti 1998

Kwa Dada, na kwa Baba, umsomee,

Nawasalimu nyote mliomo humo ndani. Nimepata barua jana nikitoka kazini, na nimeomba ruhusa ya leo ili niandike nikiwa nimekaa.

Kwanza yetu sisi wawili, kabla hujamwita Baba. Lile jina la mgeni7 nimelifuta. Nimerudi na mwisukha, na Chepkoech nimemwambia yote, akanikemea mpaka nikatoka jasho. Kuna njia ya kujificha kabisa, mtu usionekane kwenye orodha wala ukiulizwa. Mle ndani wengi wanaitumia na sasa nawaelewa, mtu ana haki ya kukaa kimya bila kuhesabiwa. Kwa wengine huenda nitaitumia. Kwako sitajificha. Siku usipotaka kuniona, usiingie, sitauliza. Kuja nyumbani mwaka huu siwezi. Kibali changu cha masomo kimekwisha, nikitoka sitarudi, na bado sina cha kuja nacho. Usimwahidi Desemba. Mwambie sijui.

Haya, sasa msomee.

Baba, umeuliza kama ninawaosha vizuri. Mwanzoni nilikuwa nawaosha vibaya. Nilikuwa naharakisha, na nilikuwa nawaonea haya, nageuza uso. Kuna mzee mmoja aliyekuwa mjenzi wa nyumba, mikono yake ni kama yako. Yeye ndiye aliyenikataza. Alinishika kiwiko akaniambia niangalie ninachofanya. Tangu hapo naangalia. Sasa wananiita mimi hata nikiwa kwenye zamu ya watu wengine. Nafikiri ndiyo, Baba, ninawaosha vizuri.

Dada, nakuandikia ninavyofanya, ujaribu.

Usimvute. Kumvuta ndiko kunakochubua ngozi, na ndiko kunakoua mgongo wako. Tandika shuka iliyokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani mpaka mapajani. Wewe simama upande mmoja, Mama upande wa pili, akiweza, la sivyo jirani. Pandisha goti lake lililo mbali nawe, mkono wake mlaze kifuani, kisha mshike bega na nyonga pamoja, umlete kwako. Atakuja kama mlango kwenye bawaba. Piga magoti yako, usiinamishe kiuno. Mto mmoja weka nyuma ya mgongo asirudi, mwingine katikati ya magoti. Baada ya saa mbili mgeuze upande mwingine. Saa mbili, Dada, si zaidi, na panga na Mama nani anashika saa ngapi ili nawe ulale.

Maji yawe vuguvugu, jaribu kwa kiwiko, si kwa kiganja, viganja vyenu vimezoea moto. Anza na uso. Kitambaa cha uso kisishuke chini. Funika sehemu zote isipokuwa ile unayoosha, hata kama mko wawili tu chumbani. Vidonda osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, usisugue, gusa tu na kitambaa mpaka vikauke, na kama vinanuka, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Na kabla hujamgusa, mwambie unataka kufanya nini. Kila mara. Sasa nashika bega, Baba. Sasa nakugeuza kwa upande wa dirisha. Anakaza mwili kwa sababu hajui mkono unatoka wapi. Akijua, atalegea.

Ukimaliza mgongo, usikimbilie kumvalisha. Mfunike shuka kavu, ukae karibu naye. Wazee wangu wengi, hata wale wasiosema siku nzima, ndipo wanaposema. Neno linakuja polepole. Usimmalizie neno. Kaa tu, mikono umeiweka mapajani, hata kama ni dakika ishirini.

Ni mimi mdogo wako, na mwanao Baba,
Clifford